Ukingo wa Dari

Somo: 5 Mose 22, 8.



Katika maagizo waliyopewa Waisraeli limo moja dogo ambalo wengi hulisoma na kulipita. Mtu ajengaye nyumba mpya aliagizwa kuizungushia dari yake ukingo, ili kwamba mtu akianguka kutoka juu, hatia ya damu isiikalie nyumba ile. Dari za nchi ile zilikuwa sawa juu kama uwanja, wala hazikuwa mahali pabaya. Rahabu alianika kitani huko. Petro alipanda huko kusali. Mungu hakuwakataza watu wake kupanda darini. Aliagiza ukingo tu, na mzigo huo alimtwika mwenye nyumba, wala si mgeni, wala si mtoto achezaye huko juu.

Siku hizi nyumba zetu nyingi, hata zile za makuti, zimepata dari nyingine, ndiyo simu. Twaipanda kwa mambo mema: twasoma Maandiko, twapeleka fedha, twapata habari za wagonjwa wetu. Lakini dari hiyo ina mwisho wake, na shimo li karibu. Mtoto aandikaye neno moja la somo lake la shule aweza kuletewa, kwa kugusa mara moja tu, picha za uasherati ambazo hakuzitafuta. Basi twauliza: ni nani aliyejenga ukingo?

Ukingo upo, wala haudai fedha. Kampuni ya Google ina kichujio kiitwacho SafeSearch, chenye hali tatu: kuchuja kabisa, kutia ukungu, na kuzimwa. Tangu mwaka 2023 watu wazima wengi huwekewa hali ya kutia ukungu pasipo kuiomba, nao hudhani ya kuwa kazi imekwisha. Sivyo. Ukungu hufunika picha tu. Maneno machafu, na njia za kuyaendea machafu, zaweza kuonekana bado. Mwenye nyumba hana budi kuingia mwenyewe katika mipangilio ya simu na kuchagua kuchuja kabisa.

Tena ukingo usiofungwa waweza kuondolewa na mkono wo wote. Kwa hiyo tieni kufuli. Mtoto apewe akaunti yake iliyo chini ya mzazi. Programu ya Family Link, iliyotolewa mwaka 2017, humwezesha mzazi kukishika kichujio, mtoto asiweze kukizima. Simu za iPhone zina mahali pa kuzuia tovuti za uchafu, napo hufungwa kwa namba ya siri. Simu za Android tangu toleo la 9, la mwaka 2018, zaweza kuandikiwa jina la mlinzi wa njia, ambaye simu humwuliza kwanza kila itafutapo anwani ya mtandao. Wako walinzi waliowekwa kwa ajili ya jamaa, kama yule wa CleanBrowsing, ambao hulazimisha majibu ya Google na ya Bing yachujwe, hata kama mipangilio ya Google yenyewe imeachwa wazi. Na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa katika cheti cha ubatizo kilichotundikwa ukutani!

Lakini tuupime ukingo huu kwa haki. SafeSearch huchuja majibu ya Google peke yake. Haiingii katika jumbe za WhatsApp, wala haiitawali simu ya rafiki njiani. Tena mkumbukeni Daudi. Yeye naye alikuwa akitembea juu ya dari ya nyumba ya mfalme, wala miguu yake haikuteleza. Alianguka kwa macho, na mwisho wake Uria akauawa. Hakuna fundi awezaye kujenga ukingo wa kuuzuia moyo.

Hapa mafundisho tuliyoyapokea yatusaidia. Sheria ya Mungu ina kazi yake ya kuuzuia uovu kwa nje, na kichujio ni cha kazi hiyo. Hufunga mkono, lakini hakiumbi moyo mpya; hiyo ni kazi ya Injili. Mzazi atiaye kufuli pasipo kufundisha amejifanya askari wa nyumba yake. Naye afundishaye pasipo kutia kufuli amemwacha mtoto penye mwisho wa dari, huku akimhubiria habari za kuanguka. Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba mwenye nyumba ndiye apaswaye kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hakumtwika mwalimu wa kanisa peke yake.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, baba na mama waanze na simu zao wenyewe, kwa maana mtoto huazima simu ya baba kabla ya kupata yake. Na mume asione haya kumwachia mkewe namba ya siri. Pili, mtoto aambiwe wazi sababu ya kufuli, asidhani ya kuwa amehukumiwa kabla ya kukosa. Tatu, nalo ndilo kubwa: mtoto akija na kusema, "Nimeona," asipigwe. Akipigwa hatasema tena, na mara ya pili ataanguka peke yake gizani. Aketishwe, asikilizwe, aombewe, aelezwe habari za Bwana awapokeaye wakosaji.

Nanyi walimu na wazee wa kanisa, mzitembeleapo nyumba za Wakristo, ulizeni habari za ukingo kama mnavyouliza habari za sala. Mdogo akianguka, neno lile la damu halitamwelekea fundi wa simu, bali mwenye nyumba. Mungu na atupe macho safi na mioyo ikeshayo. Amina.