Herufi Moja, Ploti Moja

Jirani yangu hapa Murera, mama anayeuza mboga, amepoteza amana ya asilimia 10 ya ploti ya hamsini kwa mia kwa sababu ya herufi moja. Mkataba ulitaka salio lilipwe ndani ya siku 90 tangu tarehe "hereof", yaani tarehe ya mkataba wenyewe. Sentensi iliyotangulia ilitaja hatimiliki, na mwanawe aliyemsomea akaelewa "thereof": siku zihesabiwe hati ikitoka. Mama akangojea hati. Siku zikapita.

Neno ni nini, maana ni nini, hayo tulifundishwa shuleni. Kinachonichoma ni jibu ninalopewa kila ninapokisimulia kisa hiki: "Si alitia sahihi mwenyewe?" Kana kwamba vidole vilivyoshika kalamu ndivyo vilivyoelewa! Kutia sahihi ni kukubali, na mtu hukubali alichokielewa. Mama alikubali siku 90 za hati. Zile za mkataba hakuzijua, angezikubali vipi? Tukishikilia kwamba alizikubali, basi maana haiko baina ya wanaopatana. Iko kwenye karatasi, na karatasi ina mwenyewe, aliyeiandika. Sheria yetu ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi, na sahihi ishuhudiwe. Shahidi huiona sahihi. Nani ameushuhudia uelewa?

Mawakili husema mahakama zimeyazoea maneno kama "hereof", "thereof" na "whereof". Hoja hiyo ina uzito wake.

Lakini maneno yenyewe hayana uchawi. Ni here, there na where za kale, kila moja imeungwa na of. Tanguliza t, la hapa huwa la hapo. Tanguliza w, huwa la kuulizia. Wenzao wa ukoo huohuo huwapoteza hata Waingereza: Juliet wa Shakespeare anaposema "wherefore", haulizi Romeo yuko wapi, anauliza kwa nini awe Romeo. Sisi tuna hiki, hicho na kile, na mtoto wa chekechea hakosei kwamba hicho ni kile tulichokwisha kukitaja. "Tarehe ya mkataba huu": mama angeyaelewa huku akikata sukuma.

Lakini kama maana iko baina ya watu, kosa la kijana aliyesoma vibaya tuliweke wapi? Hilo bado linanisumbua.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mkataba wa mama ulikuwa na kurasa sita, zote za Kiingereza.