Vazi la Mwanamke wa Kazi

Maswali ya maadili hayakai katika vitabu vikubwa peke yake. Mengine hutundikwa katika kabati, na huamka alfajiri pamoja na mwenye nyumba. Mwanamke aendaye ofisini, shuleni, mahakamani au benki husimama kila asubuhi mbele ya nguo zake, na kwa haraka, bila ya kupewa nafasi ya kutafakari, hulijibu swali ambalo wanafalsafa wangeweza kulijadili mwaka mzima: je, navaa kwa ajili yangu, kwa ajili ya kazi yangu, au kwa ajili ya macho ya watu? Mwanamume wa ofisi hiyo hiyo haulizwi swali hili kwa ukali huo. Suruali mbili nyeusi, mashati matano na tai moja humvusha mwaka, na hapana atakayemnong'ona kwamba jana alivaa hivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba kulizungumza mbele ya wasomi ni kupoteza wino. Hao hupenda kutukumbusha kuwa uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mithali hiyo ni ya kweli, lakini nimewasikia watu wale wale waliomkemea kwayo asubuhi mwanamke aliyejipamba, jioni wakimcheka asiyejipamba kwa mithali nyingine, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Aliyewekwa baina ya mithali mbili za namna hii hana pa kusimama. Akivaa vizuri ataambiwa akili yake iko katika kioo. Akivaa ovyo ataambiwa hajui kazi. Jambo linaloweza kumhukumu mtu kwa pande mbili zilizo kinyume si dogo hata kidogo.

Historia ya pwani yetu yatuonya tusiliite vazi upuuzi. Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilikuwa cheti cha daraja. Merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina lake kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, kilivaliwa na maskini na watumwa. Kikitiwa rangi ya nili kikawa kaniki, nguo ya mwanamke mtumwa na ya kazi za sulubu. Kwa desturi mtumwa hakujifunika kichwa wala hakuvaa viatu. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, na sheria ya mwaka 1909 ilipowafikia masuria pia, wanawake wengi waliotoka utumwani waliitupa kaniki, wakajifunga kanga, na baadaye wakajitanda buibui. Mtu wa mbali angeweza kusema kwamba walitoka katika minyororo wakaingia dukani. Angekosea sana. Walikuwa wakitangaza, bila ya wakili wala hati, kwamba miili yao imerudi mikononi mwao wenyewe, na kwamba tangu siku hiyo wao ndio watakaoamua kipi kionekane na kipi kisitiriwe. Fedha yao ya kwanza ilinunua nguo kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa imewanyima cheo.

Huko Uskochi, zaidi ya karne moja kabla ya hapo, Adam Smith alikwisha kulitazama jambo hili kwa upande wa bei. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa aliandika kwamba shati la kitani si la lazima kwa uhai, kwani Wayunani na Warumi waliishi vema bila ya kitani. Walakini katika Ulaya ya zama zake kibarua mwenye staha angeona haya kutokea mbele za watu bila ya shati hilo. Kwa hiyo alilihesabu miongoni mwa mahitaji. Fikra hii yafaa kuhamishiwa katika ofisi zetu. Suti ya mwanamke wa benki ni shati lile la kitani. Haimlishi wala haimponyi, lakini pasipo hiyo hawezi kuketi mezani pake bila ya haya. Ikiwa ni hivyo, mwajiri adaiye unadhifu lazima ajiulize kama mshahara anaoutoa waweza kuununua. Muuguzi na askari mara nyingi hupewa sare, au fedha ya sare. Msichana wa mapokezi, ambaye wageni humwona kabla ya kumwona meneja, hupewa agizo tu. Huingia kazini na deni la viatu kabla ya kupokea mshahara wa kwanza. Wengine huazima koti la ndugu, na wahenga walikwisha sema juu ya kitu cha kuazima na sitara yake.

Basi mwanamke mwenye mshahara mdogo na kazi yenye macho mengi afanye nini? Hapa nalitoa wazo langu. Vazi la kazi ni chombo cha kazi, na chombo kizuri ni kile kinachomwezesha mtumiaji kukisahau. Seremala mwenye randa nzuri huifikiri mbao, wala haifikiri randa. Nguo inayomtaka mvaaji aivute chini kila aketipo, aishike kifuani kila ainamapo, au aogope kunyanyua mkono mbele ya ubao, imemwibia sehemu ya akili aliyoipeleka kazini. Nalihesabu hilo kuwa hasara ya kweli. Saa moja ya mwalimu iliyogawanywa baina ya somo na kishikizo cha blauzi ni saa pungufu kwa wanafunzi 40.

Kwa kipimo hiki mambo mengi hujipanga yenyewe. Nguo chache zinazooana ni bora kuliko nyingi zisizojuana. Mwenye blauzi 4, sketi na suruali za kazi 3 jumla, na makoti 2, ikiwa kila moja yaoana na nyingine, ana mavazi 12 bila ya koti, na 36 akiyahesabu makoti. Hizo ni nguo 9 tu, nazo zatosha mwezi mzima na zaidi. Mwenye nguo 9 zilizonunuliwa kila moja kwa tamaa ya siku yake, hii ya zambarau, ile ya madoa, nyingine isiyokubali kuvaliwa ila na kiatu kimoja, hupata mavazi manne au matano, na bado hulalamika kwamba hana cha kuvaa. Na kweli hana. Ndiyo maana wenye busara huanza na rangi tulivu kwa nguo za chini na makoti, nyeusi, kijivu, buluu ya usiku au kahawia, kisha huiacha furaha ya rangi katika blauzi, mtandio na kitenge. Kitenge chenyewe, kikishonwa koti la mkato wa ofisi, huketi juu ya sketi nyeusi kwa heshima isiyopungua ile ya sufu iliyotoka ng'ambo, nacho hakimchomi mtu kwa joto.

Joto, kwa hakika, limesahauliwa na wengi wanaotoa mashauri ya mavazi. Suti ya sufu ilibuniwa kwa baridi ya Uingereza. Mwanamke wa Dar es Salaam hutoka nyumbani katika joto la Februari, husongamana katika daladala, kisha hukaa saa nane chini ya kiyoyozi kinachomtetemesha. Huhitaji kitambaa chepesi chenye pamba, na koti la kuvaa na kuvua. Sketi yake iwe na upana au mpasuo wa kumwezesha kupanda ngazi ya daladala bila ya kuomba msaada. Na kiatu chake kiweze kustahimili tope la masika, au kingine kikae ofisini chini ya meza. Mifuko nayo! Sijui ni fundi gani wa kwanza aliyeamua kwamba mwanamume atembee na mifuko mitano na mwanamke asiwe na hata mmoja wa kutia ufunguo. Tangu hapo mafundi hufuata tu, mpaka mteja aseme.

Na mteja aseme, kwa maana sisi tunayo neema ambayo miji mingi ya matajiri imeipoteza: fundi cherehani yuko mtaani, na hupima mwili wa mtu badala ya kumlazimisha mtu aufuate mwili wa kiwandani. Koti la mtumba kutoka Karume pale Ilala, au Gikomba mjini Nairobi, likiwa na bitana nzima na mabega yanayokaa sawa, hupunguzwa kiuno na kurefushwa mikono, likadumu kuliko jipya la bei rahisi. Najua kwamba mitumba ina kesi yake. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipate pumzi. Rwanda ilipoongeza ushuru na kuushikilia, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi huko bila ya ushuru. Kesi hiyo ni kubwa, nayo ni ya serikali na viwanda. Sioni haki ya kumtwika karani mwenye koti moja.

Limebaki swali la macho, nalo ndilo zito. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza katika Dar es Salaam vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Kabla ya siku hiyo kufika, wanawake wengine walikwisha shambuliwa mitaani. Novemba 2014 mjini Nairobi kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke hadharani kwa madai kwamba hakujisitiri, na tarehe 17 ya mwezi huo wanawake waliandamana kulipinga tendo hilo. Mwaka 2017 watumishi wa serikali ya Uganda walipewa waraka ulioeleza urefu wa sketi, mikono ya blauzi na rangi ya nywele. Juni 2021 mbunge mwanamke aliyevaa suruali alitolewa katika ukumbi wa Bunge la Tanzania, baada ya mbunge mwenzake mwanamume kulilalamikia vazi lake. Ofisi yaweza kuwa na utaratibu wa mavazi, nami siupingi. Waraka wa Uganda uliwapa wanaume amri zao pia. Nipingalo ni kule kuliona pindo la mwanamke kuwa ukuta wa maadili ya watu wote, hata mtu asiyeweza kuyatawala macho yake apate haki ya kuyatawala maungo ya mwenziwe. Wale wa Nairobi walidai kulinda sitara, nao wakamvua mtu nguo. Sijui hoja inayoweza kuonyesha upotofu wa dai lao kwa uwazi zaidi kuliko tendo lao wenyewe.

Heshima ya kazini, nionavyo, ni ya mapatano baina ya pande mbili. Mvaaji huja akiwa safi, amejipanga, amevaa kinacholingana na kazi. Mtazamaji naye humpokea kama mtu wa kazi. Upande mmoja ukivunja, hapana urefu wa sketi utakaouziba ufa. Wala heshima hiyo haina mshono mmoja. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Tanzania alikula kiapo Machi 2021 akiwa amejitanda mtandio, na hapana aliyeuliza kama dola yaweza kuongozwa na mtu asiyevaa kwa namna ya Ulaya.

Nami nikitakiwa kuitaja nguo moja ionyeshayo maana ya vazi lifaalo kwa mengi, sitalitaja koti. Nitaitaja doti ya kanga iliyokunjwa chini ya mkoba, pamoja na karatasi za kazi. Habari ya msiba ikifika saa nane mchana, mwenye mkoba hahitaji kurudi nyumbani kubadili. Kanga moja huifunga kiunoni juu ya sketi ya ofisi, ya pili huitanda kichwani, na mhasibu aliyekuwa akibishana juu ya hesabu za robo mwaka huketi mkekani pamoja na wafiwa, wala hapana amwonaye mgeni. Mvua ikimkuta Posta jioni, ile ya pili huzikinga nywele zake mpaka daladala ifike.