Kipande na Lebo Yake

Kabla ya kitanda kuwa kitanda, ni rundo la vipande vinavyofanana. Pita karakana yoyote ya seremala pale Laare, Igembe Kaskazini, utaona miguu minne ya mbao ya mukima imelala chini na huwezi kujua upi ni wa mbele, upi ni wa nyuma. Fundi mwenyewe asipoweka alama, naye atapotea. Kila mguu una tundu lake, na kila tundu limechongwa lipokee ulimi wa ubao mmoja tu. Changanya hiyo miguu, utapata kitanda kinachocheza hata kabla mtu hajakilalia.

Kwa hiyo alama lazima. Swali ni alama gani, kwa sababu alama hiyohiyo inayookoa kazi leo ndiyo inayoweza kuiharibu kesho, kazi ikiisha.

Chaki ni rahisi na inafutika kwa kiganja. Shida ni kwamba inafutika hata usipotaka: mtu akiegemea ubao, ujumbe umeenda na shati lake. Penseli inashika vizuri zaidi, na msasa huitoa, lakini ukiisahau ukapaka vanishi juu yake, basi, umeifungia humo ndani. Biro na maka pen ndizo mbaya kabisa. Wino hunywewa na mbao, na msasa unaweza kula ubao wako wote ukiufuata. Halafu kuna ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Unabandika, unaandika "mbele kulia", ukimaliza unabandua. Safi.

Ila tepu nayo ina masharti. Ibandue siku hiyohiyo na itatoka kama haikuwahi kuwepo. Iache juani wiki kadhaa, karatasi itakauka na kuchanika vipandevipande, na gundi itabaki kwenye mbao. Tepu ni ileile, mbao ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyerudi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tunapouliza "lebo gani inatoka?" tunadhani tunauliza kuhusu gundi. Kumbe tunauliza kuhusu mtu. Lebo inatoka kwa sababu kuna anayejua ipo, anayejua kazi yake imeisha, na anayeona ni wajibu wake kuitoa. Pasipo mtu huyo, hata chaki hukaa miaka.

Mafundi wana alama nyingine ya kale, ya pembetatu. Unapanga mbao zako ubavu kwa ubavu, unachora pembetatu moja kubwa inayopita juu ya zote. Zikichanganyika, unazisogeza mpaka pembetatu irudi. Ninachokipenda ni kwamba mstari ulio kwenye ubao mmoja hausemi ubao huo ni mzuri au mbovu. Unasema tu: wewe unakaa karibu na huyu, kwa kazi hii.

Sasa, neno "kipande" halikuishia karakana. Wazee wetu walilivaa shingoni. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika hapa Kenya, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Mwanaume alipewa karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, ikawekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri aliandika humo ulianza kazi lini na mshahara wako ni kiasi gani. Ukitaka kuondoka, ilibidi atie sahihi kwamba amekuachilia. Bila sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la kupelekwa kortini. Harry Thuku na wenzake walikuwa wakilipinga jambo hilo hadharani kufikia 1921. Mfumo huo uliondolewa 1947, ukaja uandikishaji wa watu wa rangi zote. Jina halikuondoka, na hadi leo kuna wanaoita kitambulisho "kipande".

Utasema, basi tatizo ni kumwekea mtu lebo, tuache kabisa. Sikubaliani. Mtoto akizaliwa hospitalini hufungwa utepe mkononi wenye jina la mama yake, na hakuna mama anayelalamika. Ule utepe unamtumikia mtoto, na una mwisho unaojulikana: akifika nyumbani unakatwa. Kikopo cha shingoni kilimtumikia mwajiri, na aliyekivaa hakuwa na mkasi. Tofauti ni hiyo: anayetumikiwa ni nani, na ni nani anayeruhusiwa kukata.

Lete swali hilo kwa maisha yetu ya sasa. Ukichelewesha mkopo, jina lako linapelekwa CRB. Sawa, anayekopesha ana haki ya kujua. Lakini ukishalipa, rekodi ya kuchelewa bado inaweza kukufuata miaka. Kwenye familia ni vivyo hivyo. Kuna kijana aliyeitwa "mtoro" akiwa darasa la sita, na leo ana miaka 28, anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, na mashangazi bado wanamwita vile harusini huku wakicheka. Hakuna mwenye nia mbaya. Ni tepu iliyoachwa juani.

Si kila alama itoke, lakini. Fundi mwema huacha namba zake ndani ya tundu na chini ya ubao, mahali ambapo mwenye kitanda hatazioni. Miaka ishirini baadaye, fundi mwingine akikivunja akitengeneze, atazikuta na kushukuru. Hiyo ni lebo ya kudumu isiyomwaibisha yeyote. Imefichwa asiyeihitaji, imewekewa atakayerekebisha. Tungekumbuka makosa ya watu hivyo, kwa ajili ya kusaidia siku yakirudi, nadhani tungeishi vizuri zaidi.

Wanaofanya kazi na tepu wana kimbinu kidogo. Kabla ya kuibandika, wanakunja ncha yake moja ijishike yenyewe, ibaki sehemu isiyogandama. Inachukua sekunde moja. Yeyote atakayekuja kuibandua atapata pa kushika, hahitaji kukwangua kwa kucha. Wengi wetu tunawapa watu majina, alama na sifa kila siku, darasani, kazini, kwa magrupu ya WhatsApp. Kabla hujabandika, mwachie pa kushika.