Kiti cha Zama Mbili

Msomaji, hebu tutafakari pamoja swali hili: je, kitu kilichosimama kati ya zama mbili ni kitu pungufu? Mfano wangu ni kiti.

Katika Ufaransa ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano, mafundi walipenda mbao zilizopinda. Mguu wa kiti ulijikunja kama shingo ya ndege, ukapambwa kwa nakshi za maua na makombe ya bahari. Lakini huko Italia magofu ya Herculaneum yalianza kufukuliwa mwaka 1738, na ya Pompeii mwaka 1748. Watu wakavutiwa upya na kazi za Warumi na Wayunani. Polepole mguu wa kiti ukanyooka, ukachongwa michirizi mfano wa nguzo ya hekalu. Mtindo huo wa pili huitwa kwa jina la Louis wa Kumi na Sita.

Baina ya mitindo hiyo, yapata mwaka 1760 hata 1775, vilitengenezwa viti vya mikono ambavyo si vya huku wala vya huko. Miguu imepinda kwa desturi ya zamani, na huku egemeo ni duara refu lililotulia, lenye nakshi za Kirumi. Fundi Louis Delanois wa Paris alisifika kwa viti vya namna hiyo.

Labda utasema, "Mshika mbili moja humponyoka, fundi huyo hakuwa na msimamo." Neno hilo lina uzito, maana wako watu wachanganyao mambo kwa woga, wapate kumpendeza kila mtu. Lakini fikiri: Louis wa Kumi na Sita alirithi ufalme mwaka 1774, na miguu ya viti ilikwisha anza kunyooka babu yake angali hai. Kazi ilitangulia, jina likafuata. Fundi hakujua kwamba yu katikati. Alikuwa na mti, patasi, na siku yake ya kazi. Sisi tuliokuja nyuma ndio tuliochora mipaka.

Basi kiti hicho tukipime kwa nini? Kwa viungo vyake. Je, ulimi wa mti huu umeingia sawasawa katika tundu la mti ule? Mtu akiketi, kitamstahimili? Kikimstahimili, nakshi za namna mbili si aibu. Kikilegea, hata mtindo mmoja ulio safi hautamzuia asianguke.

Wewe nawe umepokea mambo kwa wazee wako, na mengine umeyapata darasani. Usiyaonee haya haya wala yale. Bali jichunguze: je, yameungana ndani yako, hata mwenzako akikuegemea siku ya dhiki usivunjike? Jina la zama zetu watalitoa wengine. Kazi ya kuunga ni yetu leo.