Kuanza Upya au Kuendelea

Mchezaji wa mchezo wa mtandaoni ambaye mhusika wake amekwama ana njia mbili: kumfuta na kuanza upya, au kuendelea naye. Saa zilizokwisha kutumika hazirudi kwa vyovyote, hivyo hazipaswi kuamua. La kupima ni kama kasoro iliyomkwamisha inarekebishika.

Wakulima wa kahawa wa Kilema, juu ya mji wa Himo, wanalijua swali hilo. Mbuni uliozeeka hukatwa kwa mshazari, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, na machipukizi yakalelewa juu ya mizizi ileile. Unaoandamwa na ugonjwa wa chulebuni hung'olewa, ikapandwa miche ya aina zinazostahimili ugonjwa huo, zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu.

Vivyo hivyo, mhusika mwenye msingi mzima atunzwe. Aliyeharibika msingi afutwe. Katika njia zote mbili, maarifa ya mchezaji hubaki.