Kaya Namba 187

Uongo una aina nyingi. Huu ninaotaka kumsimulia msomaji haukumnyang'anya mtu senti wala haukumtia mtu matatani, na kwa muda mrefu nilijiaminisha kwamba, kwa hesabu tulizofundishwa, haukuwa hata uongo kamili.

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa takwimu na uchumi wa hesabu. Chuo sitakitaja, maana kosa ni langu. Maisha yetu hayakuwa na mbwembwe. Asubuhi nadharia ya uwezekano, mchana ekonometria, usiku bwenini watu wanne tukigombea kikokotoo kimoja. Vile vya kutumia mwanga vilikuwa mali adimu, navyo umeme ukikatika vilizimika pamoja na taa. Bumu lilikuwa likiisha kabla mwezi haujafika katikati. Wenye vichwa vyepesi walifanya maswali, sisi wengine tukadesa. Hata hivyo tulikuwa na kiburi chetu. Wenzetu waliosoma sheria na siasa walibishana hadi alfajiri bila kufikia mwisho. Sisi tulikuwa na jibu, limepigiwa mistari miwili chini ya ukurasa.

Mwaka wa pili tulipelekwa vijijini, chini ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kujifunza kwa vitendo namna ya kudadisi matumizi ya kaya. Kijiji tulichopangiwa mimi na mwenzangu kilikuwa na kaya 240 katika orodha tuliyoipata kwa wajumbe wa nyumba kumi. Tulitakiwa kupata kaya 12. Tukapiga kura ya namba kati ya 1 na 20, ikatoka 7. Basi tukachukua kaya ya 7, ya 27, ya 47, na kuendelea hivyo hivyo hadi ya 227. Kila kaya moja ilisimama badala ya 20.

Naomba nitue hapa kidogo, kwa sababu hapa pana jambo ambalo watu wa nje ya fani hawalioni. Zamani wataalamu walichagua kwa busara zao wenyewe vijiji au watu waliodhani ni wa mfano. Mwaka 1934 Jerzy Neyman, mwanahisabati wa Kipolandi, alichapisha makala iliyoonyesha kwa nini kura ni bora kuliko busara hiyo. Kura haimjui mwenyekiti wa kijiji wala hamu yake ya kuwapeleka wageni kwenye nyumba za bati. Haiogopi tope. Inampa mtu asiye na jina zamu ya kusema, bila yeye kuiomba na bila mkubwa yeyote kumpendelea. Sijui kama iko mizani nyingine duniani inayomwangalia maskini kwa jicho pofu kiasi hicho.

Sasa, kaya namba 187 ilikuwa ng'ambo ya kijito. Ilikuwa masika, kijito kimefurika, na ile njia ya kuzunguka ingenichukua nusu siku. Mjumbe alikuwa amekwisha kupeleka habari kwamba tutafika. Nikakaa chini ya mwembe, nikatoa dodoso, nikalijaza. Mkuu wa kaya: mwanamume, umri miaka 45. Wanakaya: 5. Unga kiasi fulani kwa wiki, sukari nusu kilo, sabuni, mafuta ya taa. Sikubahatisha ovyo, la hasha! Nilitazama madodoso yaliyokwisha kujazwa, nikachukua wastani. Hata kuongopa nilikuwa ninaongopa kisomi.

Tena halikuwa jambo la kulazimika. Dodoso lilikuwa na sehemu ya kuandika kwamba kaya haikufikiwa. Mstari mmoja tu. Lakini mstari ule ungeleta swali, na swali lingegusa alama zangu.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia mtu tuliyesoma naye. Akacheka. "Kwani umeharibu nini?" akaniuliza. "Ukiweka wastani mahali pa pengo, wastani hausogei. Ungeiacha tupu ungepata jibu lile lile." Kwa hesabu alikuwa sahihi. Ukichukua namba kumi na moja, ukaongeza ya kumi na mbili iliyo sawa na wastani wao, wastani utabaki pale pale. Kinachopungua ni mtawanyiko. Namba zinaonekana zimesogeleana zaidi kuliko zilivyo, na mtu anayezisoma anakuwa na hakika ambayo hana haki nayo. Kwa maneno mengine, sikubadili jibu. Nilibadili kiasi cha kuliamini.

Hii ndiyo alama ya vidole ya mwongo wa takwimu, ya kwamba namba zake ni nzuri mno. Mwaka 1936 mtakwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, alizipitia upya hesabu za njegere za Gregor Mendel, yule mtawa aliyeanzisha elimu ya urithi, akaona zinaikaribia nadharia kuliko bahati inavyoruhusu. Hakumtuhumu Mendel mwenyewe. Alimshuku msaidizi aliyekuwa akijua kupita kiasi ni jibu gani linalongojewa. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo hata leo. Mimi nilipolisoma sikufikiria njegere. Nilimfikiria msaidizi yule, na mwembe.

Lakini hata hoja hiyo ya mtawanyiko, ingawa ni ya kweli, naona haifiki mwisho. Kaya za ng'ambo ya kijito si kama kaya za barabarani; kama zingekuwa sawa, pasingekuwa na haja ya kuvuka. Serikali au mtu yeyote anayetaka kujua sukari inatumika kiasi gani kijijini alinituma nikaulize kile nisichokijua. Nikamrudishia nilichokijua tayari. Lile neno "mwanamume" ndilo linalonichoma zaidi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi kwao kwa mila hupitia upande huo. Mimi nilikotoka mkuu wa nyumba ni baba, basi nikambebesha mtu wa Uluguru baba yangu.

Siku hizi kazi ile imebadilika. Katika sensa ya mwaka 2022 makarani wetu walitumia vishikwambi badala ya makaratasi, na vyombo vya namna hiyo vinaweza kurekodi mahali na saa mdadisi aliposimama. Ni vizuri. Mwembe wangu ungeonekana. Ila chombo kinajua nilipokaa, hakijui kama nilisikiliza.

Siku mbili baada ya kulijaza dodoso lile tulikuwa gulioni, tukingoja gari la chuo. Akaja bibi mmoja, kanga zimelowa hadi magotini, akawa anautazama mkoba wangu wa madodoso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ninyi ndio mnaoandika watu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi ni wa ng'ambo. Mjumbe aliniambia mtafika. Siku mbili sikwenda shamba, nawangojeni." Akautaja ukoo wake. Ilikuwa ndiyo 187.

Mwenzangu alikuwa hatua chache kutoka pale, akizungumza na mwalimu wetu. Dodoso lilikuwa mkobani. Kalamu ilikuwa mfukoni. Ingenichukua dakika arobaini kumuuliza, na dakika moja ya aibu kueleza kwa nini ninafuta.

"Tumeshawaandika, bibi," nikasema.

Uso wake ukakunjuka. "Mmetuandika? Basi Mungu awabariki. Nilidhani sisi wa ng'ambo mmetusahau." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kununua chumvi.

Gari likaja. Jioni mwalimu alipopitia madodoso alitusifu mbele ya wenzetu, kwa kuwa kijiji chetu peke yake, katika masika yale, kilikuwa kimefikia kaya 12 kati ya 12.