Je, Liwezekanalo Lipo?

Tangu kale wanafalsafa wamebishana: jambo linaloweza kuwa, lakini halijawa, lipo kweli au ni jina tupu? Wale wa Megara, Ugiriki, walidai kwamba asiyejenga sasa hawezi kujenga. Aristotle akawapinga: basi mwashi akiketi kula amepoteza ufundi, na akiinuka ataupata wapi? David Lewis wa Marekani alikwenda upande wa pili kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 alishikilia kwamba kila liwezekanalo lipo, katika ulimwengu mwingine tusioweza kuufikia.

Sisi wa Mbozi tuna kahawa. Chukua mbegu mbili, moja nzima, ya pili imeuawa na joto kali wakati wa kukaushwa. Kwa macho zaweza kufanana. Zipande: moja itaota, nyingine itaoza. Tofauti hiyo ilikuwapo kabla mtu hajatamka neno "inaweza". Kwa hiyo si jina tupu. Wala hatuhitaji ulimwengu mwingine kuieleza. Uwezo umo ndani ya mbegu hii hii, ukingoja udongo, maji na mkulima.

Itazame pia reli ya TAZARA ipitayo Tunduma. Miaka ya 1960 wataalamu wa Magharibi walisema haitalipa. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1975 njia ya kilometa 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakamilika. Naam, kujiendesha kumeipa taabu; lakini "haitalipa" si sawa na "haiwezekani". Milima ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mkopo wa China na jasho la maelfu ya watu.

Msomaji asidhani huu ni mchezo wa maneno. Kiswahili sanifu hutenganisha "angesoma" na "angalisoma": katika la kwanza mlango bado u wazi, katika la pili umekwisha fungwa. Mfikirie mtoto aliyeacha shule akawa anabeba mizigo mpakani. Ikiwa uwezo ni jina tu, hakuna aliyedhulumiwa. Amekuwa alivyokuwa, basi. Mimi nasema amenyang'anywa kitu cha kweli, na sisi wakubwa tuna deni kwake.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujaandika "hawezi" kwenye ripoti ya mwanafunzi, jiulize: mbegu hii imekufa, au haijapandwa?